Alhamisi Saa Nane

Siku hiyo, ambayo historia ya mapenzi ingepaswa kuiandika kwa wino mwekundu, duka la kuchapisha lilikuwa limejaa watu mpaka mlangoni. Bwana Ratiba, kijana mrefu katika shati jeupe lililopigwa pasi hadi linatisha, aligeuka ghafla na karatasi zake ndefu zilizoviringishwa, akamgonga mtu kichwani.

"Bahati yako nimevaa kofia ya kazi," akasema mtu huyo.

Alikuwa fundi umeme: ovaroli ya bluu, koleo mfukoni, na hereni ndogo za dhahabu zilizokataa katakata kuwa za kazini. Wakagundua kwamba wote wanajenga jengo moja la ghorofa sita, yeye juu ya ngazi, Bwana Ratiba ofisini mbele ya kompyuta. Hazikupita wiki tatu, kijana akawa anamwita "mwanga wangu", naye akimwita "bosi wa saa" na kumtania kwamba hata busu atataka kwanza kujua linaanza saa ngapi.

Hakumsingizia. Bwana Ratiba ndiye aliyepanga kazi za jengo zima, na katika programu yake kila fundi alikuwa na kalenda yake. Ukiandika kwamba fundi hayupo, programu yenyewe huisogeza kazi yake mbele. Kila Jumatatu ratiba ilibandikwa ukutani, na Msimamizi, mama mwenye sauti ya king'ora, alikuwa na sheria moja: ikishabandikwa haiguswi, mpaka aliyeitengeneza aje asimame mbele ya mafundi aseme kwa nini amekosea.

Basi fundi umeme akaomba Alhamisi zake, kuanzia saa nane mchana, ziandikwe si za kazi. Alipoulizwa sababu alisema ana mambo yake. Kesho yake akaja fundi vioo na ombi hilohilo: Alhamisi, saa nane. Huyu alikuwa na mabega, pikipiki nyekundu, na manukato yaliyofika ofisini kabla yake.

Kwenye skrini mapengo mawili ya kijivu yakakaa pamoja kama watu wa benchi moja. Bwana Ratiba aliyatazama siku nne, chakula kikamshinda, akapiga simu.

"Mpenzi, Alhamisi huwa unakwenda wapi?"

"Kwenye shughuli zangu."

"Peke yako?"

"Bosi wa saa, wewe niandikie tu kwamba sipo."

Hapo wivu ukashika kipanya. Kazi ya fundi vioo kwenye ukumbi wa chini akaiandikia lazima ianze Alhamisi saa nane kamili. Kisha akamrudishia saa zake za mchana. Programu ikauliza kama badiliko hilo liingie kwenye kalenda zote. Naye, akishangilia moyoni, akakubali bila kusoma. Akachapisha, akabandika, akala sahani mbili.

Alhamisi saa saba simu ikalia.

"Umenirudishia mchana wangu kwa nini?" Sauti ya fundi umeme ilikuwa ndogo. "Ndiyo kwanza naiona ratiba ukutani: nimepangiwa swichi za ukumbini, saa nane. Na fundi vioo yumo humohumo."

Bwana Ratiba akafungua programu, akaona alichofanya. Pengo la mpenzi wake nalo lilikuwa limezibwa. Kazi yake ya Ijumaa ikarukia humo mara moja. Kwa mkono wake mwenyewe alikuwa amewafungia wawili hao chumba kimoja, saa ileile, mpaka jioni.

"Leo nina mtihani wa fundi daraja la kwanza," akaendelea fundi umeme. "Mwaka jana nilifeli. Sikutaka unihesabie siku. Yeye anasoma chuo hichohicho, hunipa lifti. Msimamizi amekataa kutuachia. Anasema ratiba ni ratiba, mpaka ushuke useme mbele ya mafundi."

Bwana Ratiba alishuka ngazi mbilimbili. Ukumbini mafundi kumi na saba walikuwa wanamsubiri, na Msimamizi amekunja mikono.

"Sema kwa nini."

"Wivu," akasema. Akalazimika kurudia, maana wapaka rangi wa nyuma hawakusikia.

Kicheko kilipopungua, ilikuwa saa nane kasoro robo. Akamgeukia fundi vioo. "Ndugu yangu, mpeleke. Kimbiza." Kisha, kwa fundi umeme aliyekuwa hajamtazama bado: "Mshike vizuri, usije ukaanguka."

Pikipiki ikaondoka. Akabaki na manukato.

Kwa wiki tatu fundi umeme hakupokea simu. Siku moja akaingia ofisini na cheti, akakaa kwenye kiti cha jirani. Bwana Ratiba akafungua mstari mpya: Kujitambulisha kwa wazazi wa fundi umeme, Jumamosi. Programu ikakataa, Jumamosi si siku ya kazi.

"Sogea," akasema fundi umeme. Akaigeuza Jumamosi ile moja kuwa ya kazi, kuanzia saa nne, kwa watu wawili. "Na kalenda yangu huigusi tena bila kuniuliza."

"Siigusi, mwanga wangu."

Fundi umeme akaongeza mtu wa tatu. "Fundi vioo atatupeleka. Njia ya kwetu anaijua."

Bwana Ratiba akajikaza kiume kwa muda ambao yeye mwenyewe aliuona mrefu.

"Anaijuaje?"

"Alituwekea madirisha."

"Mangapi?"