Mkono Nyuma ya Kioo

Kucha za mkono uliokufa hazichafuki. Jamani, hilo nalo mpaka mtu asomee? Mkono haulimi, haukamui, haujikuni hata mbu akiuuma. Sasa udongo mwekundu, tena mbichi, unatoka wapi?

Awino, mtaalamu wa mazoezi ya viungo katika kituo kimoja cha tiba pale Bomani, aliuliza hivyo hivyo, na alimuuliza mtu asiye na kosa.

"Mama, huyu mgonjwa umemwogesha kweli?"

"Nimemwogesha, daktari. Kucha nimezisugua kwa brashi. Hapo getini nimemfuta tena." Beatrice aliuinua mkono wa mume wake, akaunusa, akaurudisha haraka. "Na jana ilikuwa hivi hivi."

Mume wake ni Mokami wa kule Nyanungu. Miaka ile ya dhahabu nani hakumjua? Mwenye maduara manne machimboni, yaani mashimo ya kuchimbia dhahabu, akikohoa tu vijana wanasimama. Kisha kiharusi kikampiga, upande wote wa kulia ukalala, na mdomo uliokuwa unafoka ukapinda. Kwa miezi mitatu mkono ule ulining'inia tu. Awino hakuwa na ubaya naye. Alimwamkia shikamoo kila asubuhi, akamnyoosha vidole kimoja kimoja, akambeba mgongoni kumtoa kwenye kiti.

Awino naye alikuwa na lake moyoni. Kaka yake Odongo alipotelea machimboni miaka miwili nyuma. Alikuwa akihama duara hadi duara, nyumbani hawakujua la mwisho lilikuwa la nani. Waliambiwa tu amevuka mpaka wa Sirari, yuko Kenya kwa mashangazi. Mashangazi hawakumwona. Kwa Wajaluo, mwili usipopatikana, tunda la mti wa yago huzikwa mahali pake, msiba ukaisha. Mama yao alikataa katakata. "Mimi sikuzaa tunda," alisema. "Nileteeni mwanangu, hata kama ni mfupa." Awino akaapa atamleta.

Siku ile ya udongo alitoa sanduku la kioo. Ni sanduku la mbao tu, upande mmoja lina kioo. Mkono mgonjwa unaingizwa ndani, usionekane. Mkono mzima unawekwa mbele ya kioo, mgonjwa anauchezesha huku akitazama kioo. Ubongo unadanganyika, unadhani ule mgonjwa ndio unaocheza, na siku moja unaanza kucheza kweli.

"Kunja, mzee. Kunjua. Tazama kioo."

Ndipo ikaja harufu. Baruti, mafuta ya taa, na jasho la watu waliokosa hewa. Beatrice aliziba pua kwa kanga. Ndani ya sanduku kitu kikagonga. Ngo, ngo, ngo.

Awino aliruka kwa furaha. Miezi mitatu! Bila kufikiri, akagonga mbao naye mara tatu.

Ewe Awino, umefanya nini!

Kila mtu wa machimboni anaijua desturi hiyo. Duara likiporomoka, aliyefukiwa anagonga mwamba mara tatu: niko hai. Wa juu akijibu mara tatu, amekula kiapo kwamba anakuja kuchimba. Hujibu kisha ukaenda kunywa chai. Odongo mwenyewe ndiye aliyemfundisha dada yake, wakigongeana mezani utotoni, wakicheka. Leo alijibu kwa mazoea, na hakujua amemjibu nani.

Mokami hakufurahi. Mate yalimtiririka. "Nirudisheni nyumbani," alinong'ona. "Sitaki mazoezi."

Tangu siku hiyo mkono ulifanya kazi, lakini haukumfanyia Mokami. Mchana kweupe, watu wakila ugali, ulichimba godoro mpaka sponji ikatoka. Ulikwangua ukuta, ukakwangua, kucha zikang'oka, damu ikachanganyika na udongo ambao hakuna aliyeuona ukiingia, na mwenye mkono akilia kama mtoto kwamba haumsikii, haumsikii, na siku ya nne ulipojaza kiganja kwa udongo ule ukaanza kumsukumia mdomoni, tonge baada ya tonge, Beatrice alining'inia kwenye kiwiko kwa uzito wake wote na bado akashindwa, mpaka majirani watatu wakauvuta na kuufunga kamba ya ng'ombe.

Beatrice alimleta Bomani hivyo hivyo, amefungwa.

"Daktari, umeliamsha wewe hili dude, ulilaze. Mimi nimechoka!"

Awino aliufungua mkono, akauingiza sandukuni, akauweka wa kushoto mbele. Kisha akatazama kioo. Mkono wa Mokami ulikuwa na vidole vitano. Kwenye kioo vilikuwa vinne. Kidole cha mwisho hakikuwepo, na kovu lake lilipinda kuelekea kiganjani. Awino alilijua kovu lile. Alikuwepo mnyororo wa plau ulipokikata kidole cha kaka yake, na yeye ndiye aliyekifunga kwa kitambaa cha shule.

Ngo, ngo, ngo.

"Mzee," alisema polepole, "Odongo alikuwa kwenye duara lako?"

Mokami alifumba macho. "Liliporomoka," alinong'ona kwa upande mmoja wa mdomo. "Aligonga siku mbili. Ningeita watu, wangefunga machimbo yote, na duara la pili lilikuwa limeanza kutoa dhahabu. Nikawaambia vijana wasijibu."

"Ulimsikia?"

"Nilimsikia."

"Siku mbili! Unamsikia, unakunywa soda, unatuma mtu amdanganye mama yangu! Nimekubeba mgongoni, mshenzi wewe, nimekuita mzee!" Awino alilipiga sanduku likaanguka. "Alikuwa na nani?"

"Peke yake. Naapa, peke yake."

Walilichimba duara lile asubuhi moja tu, ndugu wa Awino na vijana wa Nyanungu walioona haya. Odongo hakuwa chini. Alikuwa amepanda kwenye kifusi kwa vidole vyake, akabakiza kimo cha mtu mmoja tu kufika juu. Kimo cha mtu mmoja! Sepetu mbili zingemtoa kwa saa moja. Walipompata wakaacha kuchimba, maana waliambiwa ni huyo tu. Mama yake alimzika uani kwake, akaweka kiganja juu ya udongo, akagonga mara tatu.

Wiki iliyofuata Beatrice alimleta mume wake. Mkono wa kulia ulilala mapajani, umelegea, kucha safi.

"Limeondoka, daktari," alisema akilia. "Mungu ni mwema."

Awino hakumwamkia Mokami. Alilisogeza sanduku pembeni, akaushika mkono wa kushoto, ule mzima, aunyooshe. Chini ya kucha kulikuwa na udongo mwekundu, mbichi. Mkono ukamponyoka, ukagonga mbao ya kiti. Ngo, ngo, ngo.

"Si mimi," Mokami alinong'ona. "Awino, mwanangu, si mimi."

"Usiniite mwanao." Alifunga mlango, akavuta kiti, akaketi mbele yake. "Uliapa alikuwa peke yake. Leo sijibu mimi, utajibu wewe. Huyu ni mtoto wa nani?"

Mokami alifungua mdomo. Kabla hajatamka jina, mguu wake wa kulia, uliolala tangu kiharusi, ukagonga chuma cha kiti mara tatu.