Kiti cha Nne

Rafiki yangu Arlène, tunayemwita Mama Douce, fundi cherehani wa hapa kambini Dzaleka, si mwongo. Ndiye aliyeniletea uji kila asubuhi nilipojifungua.

Papa Norbert, fundi wa kuchomelea, alimwita kwenye ghala moja huko Kanengo akapime vitambaa vya viti vya kifaru cha vita cha zamani, ambacho yeye na mafundi wenzake walikuwa wanakirudishia sura yake ya kwanza. Mwenye mali alikuwa analeta picha za zamani. Kosa likionekana, mafundi wote wangefukuzwa. Norbert alihisi kuna kitu kimekosewa ndani, ila hakukijua.

Arlène aliingia ndani ya kifaru, akakaa. Giza lilinuka rangi, na pumzi yake ilirudi kutoka kwenye chuma. Nyuma yake alisikia mtu akiingia na kukaa. Alipomaliza viti vitatu, alinyoosha mwisho wa tepu yake ya kushonea.

“Papa Norbert, unikamatie hapo.”

Tepu ikapokelewa, ikavutwa polepole mpaka kwenye pembe tupu kando ya mzinga.

“Asante, papa.”

Chuma kikagongwa taratibu, kama jibu.

Kisha sauti ya Norbert ikaita kutoka nje, mbali, mlangoni mwa ghala. “Mama Douce! Nilienda kukununulia mandasi. Toka ukule! Na picha zimefika. Tulisahau kiti cha nne, kile cha pale kando ya mzinga!”

Arlène akaachia tepu. Akaisikia ikikunjwa katika pembe ile, bila haraka. Kisha ikawekwa mapajani mwake, imekunjwa vizuri.