Muuguzi Asiyekuwepo

Soko la Kimironko, jijini Kigali, lilikuwa limefurika Jumamosi ile. Gaju, ndani ya gauni la kijani lililomkaa vizuri kiunoni, alirudi nyuma kidogo avitazame vizuri vitenge vilivyotundikwa, akamkanyaga muuzaji mwenyewe mguuni.

"Pole, kaka!"

"Pole ya nini, sha? Kanyaga na huu mwingine, halafu nikupandishie bei," akajibu Bertrand, kijana aliyekulia Bujumbura, shati jeupe, meno yote nje.

Gaju alirudi nyumbani na kitenge asichokihitaji. Mapenzi bwana! Mwaka uliofuata padri alikuwa ameshatangaza ndoa yao kanisani, na kilichobaki ni kupima damu, kama maharusi wengi wa Kigali wanavyofanya.

Walipima pamoja. Gaju alikuwa mwandishi wa programu za kompyuta, na ile programu ya JavaScript iliyopeleka majibu ya kliniki kwenye simu za watu aliiandika yeye. Ukurasa wa majibu haukubeba jina la mtu, kwa ajili ya siri. Jumatatu asubuhi kila mmoja akapokea kiungo chake cha kufungulia majibu.

Gaju hakukifungua. Aliogopa. Kabla ya Bertrand alikuwa na mchumba asiyetulia, na hofu hiyo hakuwahi kumwambia mtu.

Bertrand alifungua cha kwake palepale dukani, kisha akafunga duka. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini wahenga hawakuwahi kusoma majibu yao kwenye simu katikati ya soko. Alipotea hadi Jumatano jioni, alipopokea simu ya Gaju.

"Cheri, uko wapi? Nimekupigia mpaka nimechoka!"

"Gaju, hii ndoa tuiache tu."

"Unasemaje?"

"Usiniulize kitu. Wewe iko mzuri, utapata mwingine."

"Ni nani huyo mwanamke? Nitajie jina lake!"

"Hakuna mwanamke." Simu ikakatika.

Hakuna mwanamke! Gaju alilia mpaka macho yakavimba. Lakini kesho yake, akiwa kazini, wazo jingine lilimwingia. Je, Bertrand alikuwa amekuta kitu kibaya kwenye majibu yake mwenyewe? Akachukua simu, akafungua ya kwake.

Virusi vya UKIMWI: vimeonekana. Tafadhali muone muuguzi Annah.

Akakaa chini sakafuni. Kisha akasoma tena. Annah? Kliniki ile haikuwa na muuguzi Annah. Annah ni mama yake mzazi, na jina hilo alilibandika yeye mwenyewe kwenye ukurasa wa mfano, siku ya kuwafundisha wauguzi kuitumia programu.

Akaifungua programu. Ombi linapofika kwenye seva, programu huzisoma njia zake, yaani maagizo ya ukurasa upi ujibu anwani ipi, kutoka juu kwenda chini, na njia ya kwanza inayolikubali ndiyo inayolijibu. Zilizo chini hazipati nafasi. Gaju alikuwa ameiweka njia ya mfano juu kabisa, ipokee kila anwani ya majibu, akasahau kuiondoa. Kila aliyefungua majibu wiki ile aliambiwa vimeonekana, akaelekezwa kwa Annah.

"Mana yanjye, Mungu wangu," akanong'ona. Watu wangapi walikuwa wamejifungia ndani wakilia? Akaifuta ile njia, akampigia bosi wake na kukiri kila kitu.

"Tunawapigia wote leo," bosi alisema kwa sauti kavu. "Halafu mimi na wewe tutaongea."

Kazi huenda ilikuwa imekwenda. Bila kuyarudia majibu yake mwenyewe, Gaju alipanda pikipiki mpaka mtaa wa Gitega, hapohapo Kigali, alikopanga Bertrand. Aliyefungua mlango alikuwa amekonda, macho mekundu, shati lilelile la Jumatatu.

"Uliambiwa umuone muuguzi Annah, sivyo?"

Bertrand akashika mlango. "Umejuaje?"

"Hayakuwa majibu yako. Ni mfano nilioandika mimi, nikausahau. Nisamehe. Lakini ungeniacha hivyo, bila kuniambia?"

"Niliogopa, cheri. Hata mama sikumwambia. Nilitaka wewe ubaki salama."

"Fungua tena sasa. Njia nimeitengeneza."

Alifungua huku amefumba jicho moja. Havikuonekana. Alipiga kelele mpaka jirani akachungulia, kisha Bertrand akamwinua Gaju juu, akamzungusha.

"Na wewe fungua, tumalize hii shida!"

Gaju akabonyeza. Kicheko cha Bertrand kilikuwa bado kinasikika alipoyaona maneno yale: vimeonekana. Tafadhali muone muuguzi Umuhoza. Umuhoza alikuwepo. Ndiye aliyemtoa damu.

Alimkabidhi simu, akarudi nyuma hadi ukutani.

"Nenda, Bertrand," akasema. "Na mimi nataka ubaki salama."

"Siendi mahali." Bertrand aliogopa kuliko alivyoogopa Jumatatu. "Hii kitu nimekaa nayo peke yangu, Gaju. Kulala hapana, kula hapana. Najua inavyotisha. Wewe hutakaa nayo peke yako hata kidogo."

Akabonyeza namba iliyokuwa chini ya jina la muuguzi, mkono wake mwingine umeushika wa Gaju.

"Alo, muuguzi Umuhoza? Mimi naitwa Bertrand, mume wa Gaju. Dawa anaanza lini? Sawa. Tungojee hapo, tunakuja wote wawili."