Pini Tatu za Bodi ya Tangi

Kila siku kengele ya mwisho ikilia, wenzangu wa kidato cha kwanza hukimbilia kituoni Kwa Mathias kuwahi mabasi. Mimi hubaki. Nafagia chumba cha klabu ya sayansi, nafungua madirisha, kisha natoa kabatini pasi kuukuu aliyoitupa Mama. Msicheke. Kwa pasi hiyo ndiyo tunatengenezea bodi za umeme. Mchoro unachapwa kwenye karatasi ya kung'aa, unalazwa juu ya kipande cha shaba, unapigwa pasi mpaka wino unahamia kwenye shaba. Shaba isiyofunikwa na wino huliwa na dawa, zinabaki njia za umeme.

Bodi yangu ya kwanza niliitengeneza hivyo. Kazi yake ni moja: maji ya tangi la shule yakikaribia kwisha, kengele inalia. Tulichoka kukuta bomba kavu na kuanza kuhangaika na ndoo. Ijumaa ile lilibaki jambo dogo tu, kuipakia chipu, ule ubongo wa bodi, programu kutoka kwenye kompyuta. Kesho yake tulikuwa tunaipeleka kwenye maonyesho ya shule huko Kisarawe.

Nilichomeka kipakiaji, kile kidude kinachounganisha kompyuta na bodi kwa nyaya tatu. Kompyuta ikaandika: Hakuna kifaa. Nikachomoa, nikachomeka tena. Hakuna kifaa.

"Chipu imekufa hiyo," alisema Latifu wa kidato cha tatu, mwenyekiti wetu wa klabu. "Umeikaanga, Maulida."

"Nimeikaanga mimi? Jana nani alikuwa anaunga nyaya kwa risasi iliyoyeyushwa? Wewe ndiye uliyeiunguza!"

Ndiyo, nilimwambia hivyo hivyo, ingawa ni mkubwa wangu. Latifu alifungua begi, akatoa bodi ndogo ya bluu, ya kununua dukani. Akachomeka nyaya zile zile za kipakiaji na programu ikaingia mara moja. Kisha akaanza kubandua kwa ukucha karatasi yenye jina la duka.

"Tunaweka hii ndani ya boksi letu," alisema. "Nani atafungua? Tunasema tumetengeneza wenyewe, yameisha. Tusije tukaumbuka mbele za watu."

Hasira zilinipanda. Wiki nne nimekata shaba, nimeunguza vidole, halafu nikasimame Kisarawe kuinadi kazi ya mtu nisiyemjua!

"Sitaki," nikasema. "Huo ni uongo, na njia ya mwongo ni fupi. Jaji akiniuliza pini hii kazi yake nini, nimwambie akaulize dukani?"

"Acha ujuaji. Bodi yako haifanyi kazi."

"Basi nitaipeleka hivyo hivyo! Na nitaandika kwa herufi kubwa kwamba haifanyi kazi!"

Mlango ukafunguliwa. Alikuwa Mwalimu Hajra, mlezi wa klabu.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Kelele zenu zinasikika mpaka ofisini. Kuna nini?"

Nikamweleza. Latifu naye akaeleza habari ya bodi ya bluu bila kuficha, kwa hilo lazima nimsifu. Mwalimu akazitazama bodi zote mbili.

"Latifu, rudisha hiyo kwenye begi. Haiendi popote kwa jina letu. Na wewe Maulida, unasema chipu haijafa. Umejuaje?"

"Najua tu, Mwalimu."

"Ehe! Huyu anajua imekufa, huyu anajua haijafa, na hakuna aliyepima." Akaweka mezani mita ndogo ya kupimia umeme, yenye ncha mbili. "Saa kumi na moja nafunga chumba." Akatoka.

Nilimkasirikia hata yeye, nisiwafiche. Lakini mita niliishika. Kipakiaji kilikuwa kizima, maana kiliipakia bodi ya bluu bila shida. Nikapima umeme wa betri mpaka kwenye miguu ya chipu: upo. Zikabaki pini tatu zinazochomekwa nyaya. Pembeni mwake nilikuwa nimeandika kwa kalamu D, ya data. H, ya hasi. Na S, ya saa, ile inayopiga mapigo ya kuongoza data. Ukigusa mwanzo na mwisho wa njia moja ya shaba, mita inalia. Nikagusa H na mguu wa hasi wa chipu. Tiii! Nikagusa D na mguu wa data. Kimya.

"Njia imekatika," alisema Latifu. Alikuwa amesogea bila kuitwa, akinishikia bodi isiteleze.

Nikaikagua shaba. Haikuwa na hata mkwaruzo. Nikaacha ncha moja kwenye mguu wa data, nyingine nikaihamishia pini ya S. Tiii!

Loo! Nilielewa pale pale, na nilitamani nisielewe. Mchoro wa pasi hugeuka kama mhuri, ndiyo maana tunauchapa ukiwa umegeuzwa, ili kwenye shaba utokee sawa. Hilo nilifanya. Lakini zile herufi niliziandika nikitazama karatasi iliyogeuzwa. H ya katikati ilibaki mahali pake, D na S zikabadilishana.

Latifu hakuwa amegundua. Ningeweza kuhamisha nyaya kimyakimya, nikasema waya aliouunga yeye kwa risasi ulikuwa umelegea. Wazo hilo lilinijia, sikatai. Nikaona aibu.

"Latifu, hukuunguza kitu," nikasema. "Nimekosea mimi. Herufi nimeziandika kinyume. Nisamehe kwa kukusingizia."

Alinikodolea macho, kisha akacheka. "Yamepita. Hamisha nyaya, tuone!"

Nikahamisha. Kompyuta ikaandika: Kifaa kimepatikana. Programu ikaingia yote. Latifu akamwaga maji ya ndoo ya majaribio kidogo kidogo, na yalipokaribia kwisha kengele ikalia mpaka tukaziba masikio.

Mwalimu Hajra alirudi mbio. Nikamweleza kila kitu, hata lile wazo baya.

"Na kesho ukiulizwa ulikwama wapi?"

"Nitasema, Mwalimu. Herufi sizifuti. Nazikata kwa mstari, naandika sahihi pembeni, waone."

Akaitikia kwa kichwa taratibu, akavuta kiti, akakaa.

"Ulipoukataa uongo ulipaza sauti, na ulikuwa na haki. Usiache kuukataa. Lakini ulipomsingizia mwenzako ulipaza sauti ile ile, tena kwa uhakika ule ule. Kwa hiyo, mwanangu, usiiamini sauti yako kabla hujapima. Na ukishapima, likubali jibu, hata likikurudia wewe mwenyewe."

Nikachukua kalamu, nikazikata D na S kwa mstari, nikaandika sahihi pembeni.