Nukta Moja Ziwani

Haya yalimpata Benta, rafiki yangu wa chuo. Kaka yake Calvince alizama Ziwa Victoria, pale Luanda Kotieno, na kule hakuna mvuvi anayeingiza boti majini hadi mwili upatikane. Siku ya tatu, adhuhuri, Benta alienda kwenye kontena la wanajeshi wenye rada inayoona ziwa zima.

Ndani hamkuwa na dirisha. Giza tupu, skrini moja, na mashine inayolia kila kitu kikisogea.

"Afande, nisaidie tu. Kaka yangu alizamia wapi?"

"Huyo? Tulimwona akipigapiga maji nusu saa," afande akacheka. "Lakini siste, sisi tunatafuta adui, si wavuvi wa omena."

Nusu saa! Halafu tunaambiwa wanatulinda!

Mashine ikalia. Ziwani hakukuwa na boti hata moja, lakini kwenye skrini nukta moja ilikuwa ikija ufuoni polepole. Ikatoka majini. Ikapita maboti yaliyopinduliwa mchangani. Milio ikakaribiana.

Afande akaacha kucheka. Nje, mlangoni, maji yalikuwa yakidondoka. Benta akainuka kufungua. Afande akamshika mkono, akazima mashine.

Mlio haukukoma.