Mbuzi wa Lesikar

Mwaka ambao Waingereza waliwafukuza Wadachi, yaani Wajerumani, kutoka Arusha, Kaanaeli alikuwa analima migomba na kahawa huko Akeri, kwenye miteremko ya Meru. Zizini kwake mlikuwa na mbuzi sita. Wanne walikuwa wake. Wawili, wale wekundu wenye masikio yaliyokatwa alama, walikuwa wa rafiki yake Lesikar, Mwarusha wa Moshono. Farasi wa vita walikuwa wamemaliza malisho ya Moshono, ndipo Lesikar akaleta mbuzi wake Akeri watunzwe.

Asubuhi moja ya masika, Kaanaeli alikuwa anawakatia mbuzi majani. Wakaja askari watatu wa Kiingereza. Mmoja alinyanyua mfuko mdogo wa chumvi, akaonyesha zizi, akauliza, "Goats?"

Kaanaeli alilijua neno goat. Alilisikia sokoni akalishika, kwa sababu linafanana na goti. Akaona wanataka mbuzi mmoja, na chumvi ile kweli ilikuwa bei ya mbuzi mmoja. Akaitikia kwa kichwa.

Askari wakafungua zizi wakaswaga mbuzi wote sita. Kaanaeli alipowazuia mlangoni walimsukuma akaanguka matopeni. Mkewe, Marta, alipiga kelele, lakini hakuna aliyegeuka.

Mchana Lesikar akafika. Mbuzi walikuwa wamepitishwa Moshono, naye aliwatambua kwa masikio yao. Alikataa kuketi. Alikataa hata maji.

"Umeuza mbuzi wangu kwa chumvi," alisema, akiuonyesha ule mfuko ulioachwa mlangoni mwa zizi.

Kaanaeli alijaribu kueleza. Lesikar hakumsikiliza. Alisema urafiki ulioanzishwa na baba zao umefika mwisho, akaondoka.

Kaanaeli akachukua panga. Marta akasimama mbele yake, akamwambia panga halitasema lolote kule Boma, kwenye kambi ya Waingereza, ila litamletea risasi. Akamtaka amwone kwanza Eunike.

Eunike alikuwa mke wa Naftali, mdogo wake Kaanaeli. Wadachi walikuwa wamemchukua Naftali akawabebee mizigo ya vita, na hakuna aliyejua alipo. Eunike alilelewa Taveta, upande wa Waingereza, akasomeshwa na wamisionari wao. Wiki ile alikuwa amejifungua, hivyo alikuwa hatoki ndani. Kaanaeli alikaa nje ya mlango wake, akamsimulia yote.

"Shemeji, alisema goat au goats?" Eunike aliuliza kutoka ndani. "Kumbuka mwisho wa neno."

Kaanaeli akafikiri. Ile s ilikuwepo.

"Basi hapo ndipo ulipopotea. Sisi vitu vikiwa vingi tunabadilisha mwanzo wa neno. Kikapu, vikapu. Mtoto, watoto. Mwingereza anaongeza s mwishoni. Goat ni mbuzi mmoja. Goats ni wawili na kuendelea. Aliuliza mbuzi wengi, nawe ukakubali."

Kaanaeli akapiga ngumi nguzo ya mlango. Alisema hiyo ni lugha ya wezi, inaficha zizi zima ndani ya herufi moja.

"Wezi ni watu, shemeji, siyo herufi," Eunike alijibu kwa ukali. "Mimi mume wangu amechukuliwa na mtoto hajamwona baba yake. Hasira ninayo kukushinda. Keti ujifunze."

Kaanaeli akaketi.

Eunike akamweleza jinsi ya kumtaja mwenye mali. Sisi tunaanza na kitu, tunasema mbuzi wa Lesikar. Mwingereza anaanza na mwenyewe, anamwekea s, kisha anataja kitu. Akaandika kwa mkaa juu ya ganda la mgomba, na Marta, aliyekuwa ndani akimsaidia mzazi, akalitoa nje. Kaanaeli, aliyesoma kwa wamisionari Wadachi, akasoma: Lesikar's goats. Kati ya jina na s palikuwa na alama ndogo juu, kama koma iliyopanda.

Eunike akasema hiyo ndiyo alama ya mwenye mali. Goats bila alama ni mbuzi wengi tu. Goat's yenye alama ni kitu cha mbuzi mmoja, kama kengele yake. Mbuzi wenye kitu hicho wakiwa wengi, alama inakaa nyuma ya s: goats'. Akamwonya pia kwamba yapo maneno yasiyofuata njia hiyo. Child, mtoto, wakiwa wengi ni children. Sheep, kondoo, habadiliki kabisa.

Akamfundisha pia one, moja, not, siyo, na salt, chumvi. Kaanaeli alirudia mpaka ulimi ukazoea.

Kesho yake alipitia Moshono, akamwomba Lesikar waende pamoja. Lesikar akamfuata kwa mbali. Karibu na Boma, ngozi mbichi ilikuwa imeanikwa juu ya uzio wa kambi. Ilikuwa ya jike la Kaanaeli lililokuwa na mimba.

Msimamizi wa chakula alitaka kuwafukuza. Kaanaeli hakusogea. Alionyesha ngozi akasema, "One goat. Not goats." Alionyesha wale wekundu wawili ndani ya zizi la kambi. "Lesikar's goats." Kisha wale waliobaki. "Kaanaeli's goats."

Msimamizi akacheka. Kaanaeli akarudia kwa sauti kubwa zaidi, na akarudia tena, hadi mkubwa wa kambi akatoka kuuliza kuna nini. Kaanaeli akamwonyesha ngozi. "Salt, one goat," alisema. Mkubwa akamhoji msimamizi, ambaye sasa hakucheka. Zizi likafunguliwa. Mbuzi watano wakatoka. Hakuna aliyeomba radhi.

Njiani Kaanaeli bado alikuwa anawaka kwa ajili ya jike lake. Walipofika Moshono, Lesikar akawatazama mbuzi wake wawili kwa muda.

"Endelea nao Akeri," alisema.

Eunike alipoanza kutoka nje, alikuta majirani wamekaa uani wanamngoja. Aliwafundisha kwa mkaa na maganda ya migomba. Tangu hapo hakuna mtu wa Akeri aliyefungua zizi kabla ya kusikia mwisho wa neno. Lesikar naye alikuja kutoka Moshono, akaketi mbele, akaomba aonyeshwe jina lake lenye ile alama. Akalisoma polepole, akiikaza s.

"Wakija kwangu," alisema, "wataisikia."