Harufu Isiyo na Mwenyewe

Mambo yaliharibika Jumanne, tarehe kumi na moja Februari, saa nne asubuhi. Gathoni alikuja kuchukua gauni lake la harusi.

Nililishona kwa wiki tatu. Alilipokea kwa mikono miwili, akalileta usoni.

"Woi, mzee," akasema. "Hili gauni linanuka choo."

"Choo gani? Nimelipiga pasi sasa hivi."

"Nusa basi."

Nikanusa. Sikusikia kitu. Lakini machozi yake niliyaona. Aliliacha gauni mezani, akatoka. Harusi ilikuwa Jumamosi.

Mimi ni Okoth, fundi wa kushona. Nakaa Kibera, Soweto West, lakini kazi yangu iko Kawangware, chini kwenye jumba la biashara la ghorofa moja. Chumba hiki kilikuwa saluni ya mke wangu, Awiti. Alifariki mwezi wa tisa mwaka jana. Alifia kwenye benchi la hospitali, akingoja kuitwa jina. Wakubwa hawakai kwenye benchi lile. Baada ya mazishi nilileta cherehani yangu humu. Sikutaka mtu mwingine akae mahali Awiti alipokuwa akisuka watu.

Saa tano akaja Muchiri, msimamizi wa jumba. Akasimama mlangoni kwangu. Akamwita na jirani yangu Fatna, Mama Anwar. Yeye ni Mnubi wa Kibera, na anapika pilau na chapati chumba cha pili.

"Watu wa juu wamelalamika," Muchiri akasema. "Harufu inatoka kwenu. Ijumaa saa kumi na moja jioni iwe imeisha. Isipoisha, mwenye harufu anahama. Wakubwa wamesema."

"Wakubwa gani?" nikauliza. "Si walete pua zao hapa!"

"Mzee, mimi natumwa tu."

"Na mwenye harufu ni nani?" Fatna akauliza.

Muchiri akaenda zake.

Niliogopa. Nikitolewa hapa, ningekosa mahali pa kumkumbuka Awiti. Na mtu akiogopa, anatafuta wa kulaumu.

"Watu wanasema harufu inasikika zaidi kwako, Mama Anwar," nikasema. "Ni yale matumbo unachemsha."

"Matumbo yangu?" Fatna akashika kiuno. "Hayo matumbo si ndiyo ulikula jana ukalamba sahani? Angalia soksi zako kwanza, Baba Whitney!"

Whitney ni binti yangu na Awiti. Fatna aliingia ndani, akawasha udi. Moshi ukajaa mpaka kwangu. Wateja wakasema sasa panatoa harufu ya udi na choo pamoja.

Jumatano Fatna alikuja na fundi wa mabomba. Alikuwa mwanamke kijana, jina lake Nzembi. Jambo la kwanza alilosema ni hili:

"Mama, zima huo udi."

"Kwa nini? Si unafukuza harufu?"

"Haufukuzi. Unaificha tu. Na hewa ya bomba la majitaka inaweza kushika moto. Fungueni madirisha na milango. Hewa hiyo inaumiza kichwa. Ikiwa nyingi, inaua."

Nikashika kichwa changu. Kilikuwa kinaniuma tangu Disemba. Nilidhani ni huzuni.

"Lakini mimi sisikii harufu," nikamwambia.

"Pua yako imezoea, mzee. Pua ikikaa na harufu, inanyamaza. Toka nje unywe chai, halafu urudi."

Nilikunywa chai barabarani. Niliporudi, nilisikia. Ilikuwa kama yai bovu. Nikaona aibu kwa ajili ya Gathoni.

Nzembi akatuuliza, "Maji machafu ya hapa chini yanatokea wapi?"

Fatna akamwonyesha sinki yake, tundu la sakafuni jikoni, na choo cha pamoja. Jioni, tulipofunga kazi, Nzembi aliziba matundu yote matatu kwa juala la plastiki na selotepu.

"Juala si serikali ilikataza?" Fatna akauliza.

"Hili ni la zamani. Hata tumbo lako likiuma, mama, hakuna kutumia choo hiki mpaka asubuhi."

Tukacheka. Mimi nilikuwa sijacheka katika chumba kile tangu mwezi wa tisa.

Alhamisi tulifika mapema, kabla ya kufungua madirisha. Nzembi aliingia kwanza, akavuta hewa.

"Harufu ipo. Na matundu matatu yamezibwa. Kwa hivyo kuna la nne."

Akainua macho. Juu ya ukuta ulio kati ya chumba changu na cha Fatna kuna nafasi ya mkono mmoja. Kwa Fatna kuna feni ya kutoa moshi.

"Feni inavuta hewa kutoka kwako, mzee, kwenda kwa mama. Ndiyo maana inasikika zaidi kwake. Harufu inaweza kuzaliwa chumba hiki ikalia chumba kile." Akaonyesha kona. "Nyuma ya hilo pazia kuna nini?"

"Hapo hapaguswi na mtu," nikasema. Sauti yangu ilitoka kali.

Fatna akatazama chini. Nzembi hakunijibu kwa ukali. Aliketi kwenye stuli.

"Ni pa nani?"

"Pa mke wangu. Ni sinki yake ya kuoshea watu nywele. Nilifunga pazia siku ya arubaini."

"Alikuwa anaitwa nani?"

"Awiti."

"Awiti alikuwa anamwaga maji hapo kila siku?"

"Kila siku. Kichwa baada ya kichwa."

"Basi ni yeye alikuwa anafunga mlango," Nzembi akasema polepole.

Sikuelewa. Akachukua chaki yangu ya kuchorea nguo, akachora sakafuni bomba lililopinda kama shingo ya bata.

"Chini ya kila sinki bomba limepinda hivi. Hapo kwenye mpindo hubaki maji kidogo. Maji hayo ni mlango. Hewa ya majitaka haiwezi kuyapita. Lakini sinki isipotumiwa wiki nyingi, maji yanakauka. Mlango unabaki wazi."

"Kwa hivyo ni mimi?"

"Si kwa ubaya, baba. Hukuambiwa."

Hakuna aliyeniambia. Wakubwa wanajua kuja tarehe moja kuchukua kodi, lakini hili hawakusema.

Nilifungua pazia mwenyewe. Sinki ilikuwa na vumbi. Kitana chake chekundu kilikuwa bado pembeni, na unywele mmoja. Harufu ilitupiga usoni. Fatna alijaza jagi, akanipa.

"Mwagia, Baba Whitney. Hata yeye hangependa panuke."

Nikamwaga. Maji yalilia kwenye bomba, yakatulia. Nikamwaga tena. Nzembi alimulika chini kwa tochi, akapitisha kidole kwenye kila kiungo.

"Halivuji. Mwaga jagi moja kila wiki. Ukisafiri muda mrefu, ongeza kijiko cha mafuta ya kupikia juu ya maji, yasikauke haraka. Ukimwaga na harufu irudi upesi, usibahatishe. Huenda bomba limepasuka, au bomba la juu la kupumulia limeziba. Hapo uite fundi."

Nilifua gauni la Gathoni, nikalianika nje, mbali na chumba. Ijumaa mchana alikuja. Alilinusa mara tatu. Akanikumbatia.

"Sasa nitaolewa, mzee!"

"Nusa na bwana harusi pia," Fatna akamwambia.

Saa kumi na moja Muchiri akaja. Akavuta hewa chumba changu, akavuta chumba cha Fatna.

"Sawa. Kaeni. Lakini juu bado kunanuka."

Tukapanda naye, mimi nikiwa na jagi langu. Juu kuna chumba cha kinyozi aliyehama mwezi wa sita mwaka jana, na sinki yake imo bado. Nikainama kwenye mwanya wa chini ya mlango. Yai bovu. Mlangoni kulikuwa na kufuli.

"Fungua nimwage maji," nikamwambia Muchiri.

"Sina ufunguo. Uko na ajenti."

Akampigia simu ajenti. Ajenti akasema uko na mwenye jumba. Mwenye jumba akasema uko na ajenti.

Mlango wa pili ukafunguliwa. Akatoka Waceke, anayelea watoto wachanga mama zao wakiwa kazini. Alikuwa na mmoja mgongoni na mwingine mkononi. Aliona jagi, akaona kufuli.

"Hawa watoto wanaamka wakilia na kushika kichwa kila siku," akasema. "Sasa huo ufunguo uko na nani?"